Kufunga na Kuendesha Mtandao wa Meshi wa Yggdrasil: Mwongozo kwa Wanaoanza wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu unawahusu wanaotaka kuunganisha kompyuta zao moja kwa moja, kwa mawasiliano yaliyosimbwa (yasiyosomeka na asiyehusika), bila kulazimika kupitia intaneti ya nje. Umeandikwa kwa sababu maswali ya wanaoanza ni yale yale, na kwa sababu watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa maana ya kukatika. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua iliharibu barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Katika siku za namna hiyo ofisi ya chama cha msingi cha ushirika hushindwa kupeleka orodha ya magunia ya korosho kwenye ghala linaloonekana dirishani, kwa kuwa ujumbe wao umezoea kuzunguka hadi seva iliyo ng'ambo ndipo urudi.

Programu tutakayoitumia inaitwa Yggdrasil, nayo hujenga mtandao wa meshi, yaani ule ambao kila kompyuta huweza kupitisha ujumbe wa nyingine. Ni programu huria, haina malipo, na hufanya kazi kwenye Linux, Windows, macOS na simu za Android. Kila kompyuta inayoiendesha, ambayo hapa tutaiita nodi, hujitengenezea jozi ya funguo, wa siri na wa umma, na kutokana na ufunguo wa umma hupata anwani yake ya IPv6 iliyo ndani ya fungu la 200::/7. Anwani hiyo haibadiliki hata ukiihamisha kompyuta kutoka Masasi kwenda Nachingwea. Ujumbe husimbwa tangu nodi inayotuma hadi inayopokea, na nodi zilizo katikati huupitisha bila kuweza kuusoma. Nadharia ya kutosha kuanzia ni hiyo.

Mambo ambayo programu hii haifanyi

Sehemu hii usiiruke, kwa maana nusu ya maswali yanayoulizwa yanatokana na matarajio yasiyo sahihi.

Kwanza, Yggdrasil haitengenezi njia ya mawimbi. Haiigeuzi simu yako kuwa redio ya kufika Newala. Inachofanya ni kutafuta njia kupitia viungo ambavyo tayari vipo, yaani Wi-Fi, kebo ya mtandao, antena mbili zinazotazamana, au intaneti yenyewe inapokuwapo. Mahali pasipo na kiungo chochote, hakuna mtandao. Kwa hiyo kazi ya kwanza na kubwa ni viungo. Programu ni ya pili.

Pili, haikupi intaneti ya bure. Nodi huonana zenyewe kwa zenyewe, na tovuti za kawaida hazimo humo.

Tatu, usimbaji si kujificha. Jirani yako wa moja kwa moja anaijua anwani ya mtandao unayounganishia, na yeyote mwenye anwani yako ya Yggdrasil anaweza kujaribu kuwasiliana nawe. Anayetafuta programu ya kuficha utambulisho wake atafute nyingine.

Kuna pia upande wa sheria. Mwezi Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN (njia iliyosimbwa ya kupitishia intaneti) kwa shughuli zao kutoa taarifa za matumizi hayo. Yggdrasil si VPN ya kufungulia kurasa zilizozuiwa, lakini kwenye simu hutumia nafasi ile ile ya VPN na inasimba mawasiliano. Kama unaifunga kwa ajili ya ofisi, chama au shule, waulize TCRA kwa maandishi kabla ya kuanza, na katika barua hiyo hiyo uulize kuhusu antena utakazozitumia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta mbili au zaidi. Mifano hapa inatumia Linux ya ukoo wa Debian au Ubuntu. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kabisa kwa nodi ya kuwaka mchana na usiku.
- Kiungo kati yao: rauta moja ya Wi-Fi, kebo, au jozi ya antena.
- Uwezo wa kutumia `sudo`, yaani kutoa amri kama msimamizi, kwenye kila kompyuta.
- Faili la usakinishaji la Yggdrasil lenye mwisho wa `.deb`, lililopakuliwa kutoka kwenye ukurasa wa matoleo wa mradi wenyewe, likiwa kwenye flashi. Angalia aina ya prosesa: `amd64` ni ya kompyuta nyingi za kawaida, `arm64` ni ya Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64.
- Umeme wa akiba. Nodi ya katikati ikizimika, wote waliokuwa wakipitia kwake wanakatika. Betri ya sola ya volti 12 yenye kifaa cha kushusha hadi volti 5 huiwasha Raspberry Pi vizuri, na huinusuru memori kadi, ambayo huharibika upesi umeme unapokatwa ghafla.
- Daftari la karatasi la kuandikia anwani za nodi.

Hatua kwa hatua

1. Kijaribu kiungo kabla ya kugusa programu. Unganisha kompyuta mbili kwenye rauta moja, kisha andika `ip addr` kwenye kila moja ili upate anwani yake ya kawaida, kwa mfano 192.168.1.10 kwa kompyuta ya ghala. Kutoka kompyuta ya ofisi andika `ping 192.168.1.10`. Majibu yasiporudi, usiendelee. Kosa linalopatikana zaidi hapa ni rauta kuwekwa katika hali ya kutenganisha wateja, ambapo kila kifaa kinapata intaneti lakini hakiruhusiwi kukiona kifaa kingine. Hali hiyo huwashwa mara nyingi kwenye Wi-Fi ya wageni, na huzimwa ndani ya mipangilio ya rauta.

Kwa wanaotumia antena, masafa ya 5 GHz yanadai kuonana macho kwa macho. Mwenye jengo ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ana bahati ya mwinuko, lakini mikorosho iliyokomaa kati ya antena mbili itamaliza mawimbi, na mnazi uliokuwa pembeni siku ya kufunga utayumba mbele ya antena siku ya kusi. Panda juu uangalie, tena usiangalie mara moja tu. Kwa walio Mikindani, Msimbati, Kilwa na Lindi mjini, adui ni chumvi ya bahari: funga viunganishi vyote vya nje kwa utepe usiopitisha maji na uvikague kila msimu wa mvua unapokwisha.

2. Sakinisha. Chomeka flashi, ingia kwenye folda yenye faili, kisha:

```
sudo dpkg -i yggdrasil-*.deb
yggdrasil -version
```

Nodi zote ziwe na toleo la familia moja. Toleo la 0.5, lililotoka mwaka 2023, halizungumzi na 0.4, na hifadhi za programu za baadhi ya mifumo ya zamani bado hutoa 0.4. Ndiyo sababu nimependekeza faili moja la kwenye flashi lizunguke nodi zote, badala ya kila mtu kupakua kivyake.

3. Lijue faili lako la mipangilio liko wapi. Mahali pake pamebadilika kati ya matoleo. Usikisie, andika `systemctl cat yggdrasil` na usome njia iliyotajwa baada ya neno `-useconffile`. Mwongozo huu unachukulia kuwa ni `/etc/yggdrasil/yggdrasil.conf`. Kama faili halipo, litengeneze:

```
sudo mkdir -p /etc/yggdrasil
yggdrasil -genconf | sudo tee /etc/yggdrasil/yggdrasil.conf > /dev/null
```

4. Hariri mipangilio. Jina la kifaa chako cha mtandao utalipata kwa `ip link`. Huweza kuwa `wlan0`, `eth0` au jina refu zaidi. Fungua faili kwa `sudo nano`, na bila kuugusa mstari wa `PrivateKey`, fanya sehemu hizi zifanane na mfano huu:

```
Peers: []
Listen: []
IfName: "ygg0"
NodeInfoPrivacy: true
MulticastInterfaces: [
  {
    Regex: "wlan0"
    Beacon: true
    Listen: true
    Port: 9003
    Password: "weka-neno-refu-la-siri-hapa"
  }
]
```

Maelezo mafupi. `Peers` ikiwa tupu, mtandao wako unabaki kisiwa cha peke yake, na ndivyo ninavyoshauri uanze. `Beacon` huifanya nodi ijitangaze kwa walio kwenye kiungo kile kile, na `Listen` iliyo ndani ya mabano huifanya isikilize matangazo ya wengine, kwa hiyo nodi hutafutana zenyewe bila wewe kuandika anwani ya mtu. `Password` lazima ifanane herufi kwa herufi kwenye nodi zote. `NodeInfoPrivacy` huzuia nodi kutoa habari za mfumo wake kwa anayeuliza.

Angalizo kuhusu `AllowedPublicKeys`, ambayo pia utaiona kwenye faili. Wanaoanza wengi huijaza wakidhani wamefunga geti. Orodha hiyo haiwazuii majirani waliopatikana kwa matangazo ya kiungo cha ndani, wala haizuii mawasiliano yanayokufikia kupitia jirani uliyemruhusu. Kinachowazuia wageni kwenye Wi-Fi ni neno la siri hapo juu, na kinacholinda huduma za kompyuta yako ni ukuta wa moto (kichujio cha mawasiliano yanayoingia) wa hatua ya 7.

Angalizo jingine: kila thamani ya maneno iwekwe ndani ya alama za mtajo. Bila alama hizo, maelezo utakayoyaongeza mwishoni mwa mstari huo yatahesabiwa kuwa sehemu ya thamani.

5. Nakili ufunguo mahali salama. Anwani ya nodi inatokana na ufunguo, kwa hiyo memori kadi ikifa bila nakala, anwani nayo imekufa na itabidi uwatangazie wote anwani mpya. Nakili faili zima kwenye flashi inayofungiwa kabatini. Usilitume kwa WhatsApp, na usimpe fundi picha ya skrini yenye mstari wa `PrivateKey`.

6. Washa na utazame.

```
sudo systemctl enable yggdrasil
sudo systemctl restart yggdrasil
sudo yggdrasilctl getself
sudo yggdrasilctl getpeers
```

Amri ya `getself` inaonyesha anwani yako. Iandike kwenye daftari pamoja na jina la mahali. `getpeers` inaonyesha majirani wa moja kwa moja, na hali yao inapaswa kuwa `Up`. Wape sekunde chache. Ukiona orodha tupu wakati hatua ya 1 ilifaulu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya matatizo.

7. Weka ukuta wa moto kwa programu ya `ufw`. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na madhara yake hayaonekani hadi siku utakapojiunga na mtandao mpana. Rauta ya nyumbani imewazoesha watu kudhani kwamba aliye nje hawezi kuifikia kompyuta iliyo ndani. Kwenye Yggdrasil kila nodi inafikika na kila nodi nyingine ya mtandao huo, kwa hiyo folda uliyoishiriki au SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali) yenye nywila dhaifu inaonekana na wote.

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow in on wlan0 to any port 9001 proto udp
sudo ufw allow in on wlan0 to any port 9003 proto tcp
sudo ufw allow in on ygg0 from ANWANI-YA-OFISI to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable
```

Mlango hapa ni namba ambayo programu hupokelea mawasiliano, na UDP na TCP ni aina mbili za kuyasafirisha. Mlango 9001 wa UDP ni wa matangazo ya kutafutana. 9003 wa TCP ni ule tuliouchagua katika hatua ya 4. Mstari wa nne unairuhusu kompyuta moja tu, ya ofisi, kuingia kwa SSH; badala ya `ANWANI-YA-OFISI` andika anwani yake ya Yggdrasil. Kama wewe mwenyewe unafanya kazi hii ukiwa umeingia kwa SSH kupitia Wi-Fi, ongeza kwanza ruhusa ya mlango 22 kwenye `wlan0`, la sivyo amri ya mwisho itakufungia nje na utalazimika kubeba skrini na kibodi hadi ghalani.

8. Jaribu mawasiliano halisi. Kutoka ofisini andika `ping` ukifuatisha anwani ya Yggdrasil ya ghala. Ikijibu, nenda kwenye kompyuta ya ghala, fungua mlango 8080 kwa `ufw` kama ulivyofanya kwa 22, ingia kwenye folda ya majaribio isiyo na siri, kisha:

```
python3 -m http.server --bind :: 8080
```

Ofisini fungua kivinjari na uandike `http://[ANWANI-YA-GHALA]:8080/`. Mabano ya mraba ni ya lazima kwa anwani za IPv6. Ukiyaacha, kivinjari kitaichukua anwani hiyo kama neno la kutafuta. Ili usiandike tarakimu hizo ndefu kila siku, ongeza kwenye faili la `/etc/hosts` la kila kompyuta mstari wenye anwani na jina, kwa mfano `ghala`, na kuanzia hapo `ping ghala` inatosha. Ukimaliza, zima seva ya majaribio na uondoe ruhusa ya mlango huo.

Sasa tia kazi ya kweli. Kwa orodha za mapokezi na nakala za stakabadhi za ghala, Syncthing inafaa sana, kwani huoanisha folda zilezile kwenye kompyuta zote na kuendelea ilipoishia kiungo kinaporudi. Ruhusu mlango 22000 wa TCP kwenye `ygg0`, kisha, kwenye mipangilio ya kifaa cha upande wa pili, andika anwani yake kwa mtindo wa `tcp://[ANWANI-YA-GHALA]:22000`. Upatanisho wa folda hauchukui nafasi ya nakala rudufu: aliyefuta faili ofisini amelifuta na ghalani.

9. Ongeza nodi ya tatu. Isakinishe kama zilizotangulia, kisha iweke mahali inapoonana na ghala pekee. Ofisi ikiifikia nodi hiyo ingawa haina kiungo nayo, basi meshi imeanza kufanya kazi, maana ghala sasa linapitisha ujumbe wa wengine.

Usinakili memori kadi nzima ili kuokoa muda. Nodi mbili zenye `PrivateKey` moja zina anwani moja, na mawasiliano yatakuwa yanakwenda huku na huku bila mpangilio.

10. Fikiri kabla ya kuunganisha na nje. Kama una tawi Lindi na jingine Tandahimba, na kuna intaneti pande zote mbili, unaweza kuweka anwani ya nodi ya umma, au ya seva yako mwenyewe, ndani ya `Peers` kwa mtindo wa `"tls://JINA-LA-SEVA:MLANGO"`. Matawi yataonana kwa anwani zile zile. Fahamu, hata hivyo, kwamba nodi yenye majirani wawili au zaidi hupitisha ujumbe wa watu wengine, na hata isipotumiwa hubadilishana habari ndogo ndogo na majirani bila kukoma. Anayelipia bando la simu kwa gigabaiti asiifanye simu yake kuwa daraja la mtandao wote. Nodi yenye jirani wa nje iwe moja, mahali penye intaneti isiyopimwa.

Mambo yanapokwama

*Nodi hazionani ingawa `ping` ya kawaida inafaulu.* Hakikisha neno la siri ni lile lile, kisha tazama kama jina la kifaa kwenye `Regex` ndilo hasa. Zima `ufw` kwa dakika moja kwa `sudo ufw disable`. Majirani wakitokea, tatizo ni sheria za mlango 9001 au 9003. Wasipotokea, huenda rauta au antena inazuia matangazo ya IPv6. Dawa yake ni kuacha kutegemea matangazo: upande mmoja weka `Listen: ["tls://0.0.0.0:9002?password=NENO"]` na ufungue mlango huo, upande wa pili weka `Peers: ["tls://192.168.1.10:9002?password=NENO"]`. Katika hali hii, upe upande unaosikiliza anwani ya kudumu kwenye rauta.

*Programu haiwaki kabisa.* Soma `sudo journalctl -u yggdrasil -n 50`. Mara nyingi ni mabano yaliyosahauliwa. Amri ya `sudo yggdrasil -useconffile /etc/yggdrasil/yggdrasil.conf -normaliseconf` italalamika kama faili lina kosa, na lisipokuwa na kosa italichapisha lote, ukiwamo ufunguo wa siri, kwa hiyo usiiendeshe mbele ya watu. Ikiwa kumbukumbu zinataja kushindwa kutengeneza kifaa cha `ygg0` au kukipa anwani, andika `sysctl net.ipv6.conf.all.disable_ipv6`, jibu likiwa 1, kuna mtu aliizima IPv6 na inabidi irudishwe.

*Jirani yuko `Up` lakini huduma haifunguki.* `ping` ikijibu, angalia ukuta wa moto wa upande unaopokea, kisha uhakikishe huduma inasikiliza kwenye IPv6 na si kwenye 127.0.0.1 pekee, `sudo ss -tlnp` itakuonyesha.

*Mtandao unakatika jioni tu, au mvua inaponyesha.* Hilo ni la kiungo. Tazama muda wa jirani kuwa hewani kwenye `getpeers`. Ukiona unaanza upya kila mara kwa jirani yule yule, kagua umeme wake, kiunganishi cha antena yake na matawi yaliyoota katikati.

*Simu ya Android inajitoa yenyewe.* Android inaruhusu programu moja tu ya VPN kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyingine ikiwashwa Yggdrasil huzimwa. Pia iondoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa kwa ajili ya kuokoa betri.